Tumbo la Debe la Zenon

Chama cha ushirika kilipokufa na serikali ikasema mwenye gunia na anunue mahindi, Zenon wa Katandala, mjini Sumbawanga, hakupoteza muda. Alitafuta debe, akaligonga tumbo kwa nyundo kutokea ndani, taratibu, mpaka likatanuka bila kuonekana. Debe la haki hubeba kilo kumi na nane. La Zenon lilimeza ishirini na moja.

Hilo ndilo alilolishusha kijijini Ilemba kila mavuno kwa miaka ishirini. "Mimi sikati ushuru wala kamisheni," aliwaambia wakulima, mikono kiunoni. "Bei yangu ni ileile ya mjini." Na bei kweli ilikuwa ileile. Wakulima wakamwita mtu mwema, wengine wakamzawadia kuku. Ni Cornelia tu, mjane wa ekari tatu, aliyeshangaa mbona gunia lake la madebe sita kwa Zenon linatoa matano na kidogo. Akasema debe hili lina mimba. Zenon alicheka mpaka akajifuta machozi.

Uzee ukamkuta, mizani ikaingia sokoni, siri ya debe ikavuja, likabaki la kuchotea maji. Kilichomlisha sasa kilikuwa mashine ya kusaga nyuma ya nyumba, nayo ikafa injini. Fundi Kasimiri alikuwa na injini moja nzuri ya kuuza, milioni moja laki tatu na nusu, naye hakuuma maneno: atakayefika na hela kamili kabla ya saa sita mchana Jumamosi, ndiye mwenye injini. Bila injini ile, Zenon angezeekea kwenye kuomba unga kwa majirani.

Wala hakuhangaika. Mwanawe Clemens alikuwa Uingereza akitunza wazee wa watu, na alikuwa amegundua kampuni ya kutuma fedha kwa mtandao. "Baba, hawa hawakati hata senti," alisema kwenye simu. "Kutuma ni bure." Mzee aliyekula mjini kwa maneno ya namna hiyo miaka ishirini akalimeza hilo zima zima, kama mkulima wa Ilemba. Redioni alisikia pauni ni shilingi elfu mbili na mia saba. Clemens atatuma pauni mia tano. Zenon akapiga hesabu, ikaja milioni moja laki tatu na nusu, kamili. Hela ya kutolea alikuwa nayo mfukoni. Akawacheka majirani wanaolipa ada benki, akawaita washamba.

Jumamosi asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu: milioni moja laki mbili na tisini elfu. Alikwenda mbio kwa Debora, wakala wa pesa za simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nimeibiwa elfu sitini."

Debora akasoma ujumbe mpaka chini. "Hujaibiwa, mzee. Wametuma bure kama walivyosema. Ila pauni ya Clemens wameihesabu elfu mbili mia tano themanini. Sokoni ni elfu mbili mia saba. Hiyo mia na ishirini ya katikati, kwa kila pauni, ndiyo wanayokula."

"Mbona hawakusema?"

"Wameandika hapa, nani anasoma? Mimi makato yangu nimeyabandika ukutani, watu wananinunia. Wao wanasema bure, wanashukuriwa."

Zenon akakaa kwenye benchi. Sumbawanga nzima hapakuwa na mtu wa kuelewa jambo hilo haraka kuliko yeye. Ungedhani aliona aibu. Hapana, aliona wivu. Watu hao hawakuhitaji nyundo, wala kula vumbi la Ilemba, na debe lao linapima dunia nzima.

Akazunguka Katandala akiomba mkopo wa elfu sitini. Kila mlango aliobisha ulikuwa na mtu aliyelifahamu debe lile au aliyezaliwa na mtu aliyelifahamu, nao wakampa pole tele. Saa sita kasorobo Cornelia, ambaye siku hizo alikuwa amehamia mjini, alimhesabia Kasimiri hela yote noti kwa noti, akaondoka na injini kwenye mkokoteni.

Wiki ya tatu Zenon alikwenda kusaga kwenye mashine mpya ya Cornelia. Alikuwa amesikia anatoza kwa debe, basi akalitoa debe lake kwenye maji, akalikausha, akalijaza mahindi mpaka juu. Wengine hawafundishiki.

Cornelia alilitambua tangu mlangoni. "Karibu, mzee. Kumbe hili bado halijajifungua."

Akalitua juu ya mizani, akatoa uzito wa bati. Kilo ishirini na moja.

"Hapa tunatoza kwa kilo, mzee," akasema. "Kupima ni bure."

Zenon akalipia kilo zote ishirini na moja.