Mashati Manne na Soksi Moja

Mimi ni fundi wa ngozi hapa Kamembe, na najivuna. Nimeshona mikanda ya wanaume wenye vitambi ambavyo hata wenyewe hawajui vinaanzia wapi, na hakuna aliyerudi kunitukana. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia anahitaji ala ya bastola, ya kuvaliwa ndani ya nguo mtu asiione, nilimjibu aje kuichukua kesho. Huu mdomo wangu umeniponza mara nyingi.

Alikuwa amepata kazi baada ya kukaa nyumbani muda mrefu, hadi akawa anajua kuku gani wa jirani hutaga saa ngapi. Kampuni moja ya ulinzi ilimfundisha, ikampatia kibali, ikampanga afuatane na mfanyabiashara wa simenti kati ya Kamembe na Bugarama. Avae kiraia, silaha isionekane. Alipewa wiki moja atafute mahali pa kuiweka mwilini. Jumatatu mkuu wake angemkagua, na kama inaonekana, kazi inakwenda kwa mwingine. Hilo peke yake lingetosha kumsumbua, lakini kulikuwa na Mama.

Mama hapendi bunduki. Ikipita barabarani begani mwa askari, yeye hutazama upande wa pili mpaka ipite. Sababu zake anazo, nasi hatumuulizi. Mdogo wangu anaishi naye Gihundwe, na angekuwa akirudi kula mchana na silaha mwilini. Alikuwa amemwambia tu kwamba kazi ni ya kusindikiza mizigo. Na Mama, kama wamama wengi wa huku kwetu, hakusalimii kwa kukupa mkono. Anakukumbatia. Anakushika mbavu, anashuka kiunoni, anakuyumbisha kidogo huku akiuliza habari za kila mtu unayemjua, na hakuachii mpaka umemaliza kujibu.

"Maman akijua, njo mwisho," mdogo wangu aliniambia. "Hatanifukuza. Atanyamaza. Unamujua Maman akinyamaza."

Namjua. Afadhali kufukuzwa.

Bastola yenyewe ilikuwa imefungiwa ofisini kwao, na hata ingetolewa nisingeiruhusu kwenye kibanda changu. Nikachonga ya mti kwa vipimo alivyoniletea. Nikalowesha ngozi, nikaikandamiza juu ya ule mti, ikakauka ikiwa na umbo lake, kifyatuo kimefunikwa chote. Mwalimu wake wa silaha alikuwa ameonya kwamba pale pasipate njia kidole, wala nguo, wala funguo. Kazi ilitoka nzuri. Ila ngozi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mimi siwezi kutoa kazi ambayo haijang'aa. Nikaipaka rangi nyeusi ya viatu mara tatu, kwa raha zangu.

Jumanne tuliiweka mbele, chini ya kitovu, ile bastola ya mti ikiwa ndani. Akisimama, safi. Akikaa, mdomo wa bastola ulielekea mahali ambapo mwanamume hapendi kuelekezewa kitu chochote, hata cha mti.

"Weye hautaki Maman apate bajukuu?" nilimuuliza.

Akaitoa haraka. Lakini mzee wa duka la jirani alikuwa ameshaona ule uvimbe. Alimvuta pembeni, akamsihi aende hospitali mapema, kwamba ngiri si ugonjwa wa kuonea aibu.

Jumatano tukaihamishia nyuma, katikati ya mgongo. Tulikwenda kusali adhuhuri, mimi nikasimama safu iliyo nyuma yake. Alipoinama rukuu, shati lilijivuta juu ya ile bastola mpaka nikaweza kuhesabu mishono yangu mwenyewe. Nilisahau nimefika rakaa ya ngapi. Nikamwomba Mungu anisamehe, kisha nikamwomba alishushe lile shati. Zaidi ya hayo, mwalimu wake alisema mtu akianguka chali na chuma mgongoni, kinachovunjika si chuma. Nyuma tukapafuta.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mguu, juu kidogo ya kifundo, ndani ya soksi. Wazo langu, nakiri. Pale kituo cha pikipiki alinyanyua mguu apande, suruali ikapanda nayo, bastola ya mti ikaruka na kuangukia mbele ya motari, dereva wa pikipiki. Motari akainua mikono yote miwili, pikipiki ikalala chini.

"Ni ya mti! Papa, ni ya mti!" mdogo wangu alilia. Ilibidi aiokote na kuiuma mbele yake ndipo mikono ikashuka. Ile alama ya meno ipo hadi leo.

Ijumaa tukajaribu kwapani, chini ya koti. Akateremka nalo Bugarama, kwenye joto lile, akarudi amelowa chapachapa. Msikitini kila aliyetaka kumkumbatia alikutana na mkono uliobana ubavu, kama wa mtu mwenye jipu. Watu wakampa pole.

Jumamosi tukarudi kwenye mahali alipofundishwa tangu mwanzo, kiuno cha kulia, nyuma kidogo ya ubavu. Mkono unafika bila kutafuta, mdomo wa bastola unatazama ardhi, shati pana linafunika kila kitu. Alikaa, akainama, akapanda pikipiki, akasali, na hakuna kilichoonekana. Palikuwa pazuri kwa watu wote wa Rusizi isipokuwa mmoja, maana mkono wa kushoto wa Mama hutua papo hapo.

Jumapili asubuhi Mama akatuita uani. Kwenye kamba palikuwa na mashati manne meupe na soksi moja, vimeanikwa kwa mfuatano wa siku. La kwanza lilikuwa na doa jeusi tumboni. La pili mgongoni. Kisha soksi. Kisha shati lenye doa kwapani, na la mwisho lenye doa kiunoni.

"Fundi," aliniambia. Mama huniita fundi akiwa amekasirika tu. "Hii rangi ni ya kwako?"

"Ndiyo, Maman."

"Haishike."

Nakiri kwamba hilo liliniuma kuliko yote yaliyofuata.

"La kwanza nilisema njo kalamu," aliendelea. "La pili, nikasema aliegama ku garaji. Soksi ikaniogopesha. Ile ya kwapa nikajua. Nilishaona bantu banabebaka ile kintu pale."

Mdogo wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu. "Maman, minataka hii kazi," alisema. "Minachoka kukaa."

Mama akanyamaza. Niliogopa kweli. Mtu mzima nina ndevu, na nilitamani kujificha nyuma ya mashati. Kisha akasogea, akaweka kidole kwenye shati la mwisho.

"Weka hapa."

"Maman, pale njo unanishikaka."

Akajaribu kuinua mkono wa kushoto. Ulifika usawa wa kitovu, ukakwama. Tulijua kwamba alianguka kwenye mteremko wa Mururu wakati wa mvua. Hatukujua kwamba bega liligoma.

"Huu mukono haufike tena," alisema. "Upande ule sitasikia kitu."

Nilijisikia vibaya. Wiki nzima tulikuwa tumepima mwili wa mdogo wangu kila pembe, na mkono wa mama yetu hatukuutazama hata mara moja.

Jumatatu alipita ukaguzi, kazi akaipata. Mimi nikamshonea ala nyingine, isiyo na rangi, nikameza majivuno yangu.

Juzi mchana nilipita Gihundwe, nikamkuta Mama uani anaanika, amenipa mgongo. Ile kamba iko juu, hata mimi huifikia kwa kunyoosha mikono. Yake yote miwili ilikuwa hewani, imeshika shuka, na hakuna bega lililogoma. Ndipo nikajiuliza yale mashati manne yalianikwa na nani.

Geti likafunguliwa, mdogo wangu akaingia kula. Mama akaachia shuka, akauteremsha mkono wa kushoto mpaka ukaning'inia, akamwendea mwanawe na kumkumbatia kwa ule wa kulia peke yake.