Mistari Myeupe Ndani ya Kidirisha

Kamera ile ya filamu niliachiwa na mgeni aliyekuwa akitafiti mnyauko wa migomba huku kwetu Ndama. Lenzi yake ilinichanganya tangu siku ya kwanza. Ilikuwa na pete yenye namba tatu, 28, 35 na 50, na kila ikifika kwenye namba inagota. Mgeni alinieleza kwamba 28 inachukua eneo pana, 50 inavuta watu karibu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Siku dada yangu alipoagwa kwenda kwa mumewe Uganda, mama aliniomba kitu kimoja tu: picha yake na binti yake, ya kutundika ukutani. Hawakuwahi kupiga pamoja hata moja, na filamu ilibakiza picha ya mwisho. Nikawapanga mbele ya migomba. Mama akasimama hatua tatu pembeni, maana kwetu mama mkwe hamsogelei mkwe wake, na bwana harusi alikuwa kamng'ang'ania dada mkono.

Nikachungulia kidirishani, kile kitundu cha kutazamia. Wote nawaona, na mama pale pembeni kajinyoosha. Nikazungusha pete hadi 50 ili niwasogeze. Hawakusogea! Nikarudi 28, nikaenda tena 50. Watu walewale, ukubwa uleule, ila mistari myeupe inayoonekana humo ndani kama fremu ilijivuta katikati. Nikajua lenzi imeharibika. Nikaiacha kwenye 50, nikahangaika kuunganisha sura mbili za dada ziwe moja, ndivyo kamera ile inavyolenga, nikapiga.

Filamu ilienda Dar kusafishwa, dada akiwa ameshavuka mpaka. Picha iliporudi, dada yupo, mumewe yupo, mama hayupo. Mjinga mimi, ndipo nikaelewa. Kidirisha si lenzi. Kiko juu yake, kinaonyesha vilevile wakati wote. Ukizungusha pete, kinachobadilika ni mistari, na lenzi inachukua kilicho ndani ya mistari hiyo tu. Niliona aibu.

Nikampelekea mama. Shikamoo yangu hakuiitikia upesi, alikuwa bado anajitafuta kwenye picha. Nikamweleza habari za mistari mpaka nikachanganyikiwa upya.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniona?" akauliza.

"Nilikuwa nakuona vizuri kabisa, mama."

"Nimesimama nje ya mistari?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukapiga."