Chai ya Baba Mkwe na Kamera ya Tumbo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipopita Kajiado kumsalimu baba mkwe wangu nikiwa njiani kwenda kupimwa tumbo. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga Kitengela na mke wangu na watoto, na kwa miezi mitano nilikuwa nikimeza dawa za vidonda vya tumbo nilizojinunulia dukani. Suruali zote zilinipwaya. Daktari alikuwa ameniagiza nisile wala kunywa chochote tangu jana yake, maana angenipitishia kamera kooni. Lakini mkwe hakatai chai ya maziwa, na aibu ikanizuia kusema naumwa. Nikanywa vikombe viwili, na kusifu nikasifu!

Hospitalini muuguzi aliniuliza kama nimekula. Nikasema kweli, nikarudishwa nyumbani kwa wiki tatu. Nisikufiche, nilifurahi. Niliogopa majibu kuliko maumivu.

Mke wangu hakufurahi hata kidogo. Alimpigia baba yake simu, na kesho yake mzee akafika kwangu.

"Mimi niko na ng'ombe," akaniambia. "Moja ikikataa nyasi siku mbili, naita daktari. Wewe umekataa chakula miezi tano, unanyamaza tu? Chai si ingemwagwa? Hawa watoto nitawaambia nini?"

Siku ya kipimo alinisindikiza, naye hakutia kitu mdomoni tangu jioni, eti mgonjwa hafungi peke yake. Vipande vidogo vilitolewa tumboni vikapelekwa maabara. Ilikuwa limfoma, saratani ya chembe za kinga, imeota kwenye ukuta wa tumbo. Nililia. Daktari akaniambia haijasambaa, inatibika. Nikatundikiwa dawa mara kwa mara, nikatapika, nywele zikaisha. Mzee akanicheka, akasema sasa tunafanana vipara. Nikapona, Mungu ni mwema.

Miaka ilipita, nikamzika mzee huyo, ameshiba siku zake. Nilimshukuru kaburini pale, maana ilibaki kidogo yeye anizike mimi.

Basi, mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Tumbo likikusumbua wiki baada ya wiki, mwili ukapungua bila sababu, acha kubahatisha dukani. Nenda upimwe, na masharti ya daktari uyashike hata ukiwa ukweni. Heshima si utumwa. Waambie wako mapema. Mungu akujalie uzee mrefu, na akupe watu wa kukugombeza ungali unasikia.