Mbayuwayu na Jicho la Bibi

Leo asubuhi mvua imekatika ghafla hapa Kamembe, na mbayuwayu wakajipanga kwenye waya wa umeme juu ya paa la jirani. Binti yangu, ana miaka mitano, akaniuliza, "Maman, bale ndege ni ba kwetu?" Nikawatazama vifua kabla ya kumjibu. Kola nyeusi iliyofungwa vizuri, tumbo jeupe. "Hapana, ni bageni. Banatoka Ulaya, banakimbia baridi." Nilimjibu kwa upole, lakini moyoni nilikuwa na hasira. Wewe unayesoma, acha nikuambie hasira hiyo ilizaliwa wapi.

Ilizaliwa Gashonga, kwa bibi mzaa mama. Chini ya nyumba yake, ukishapita migomba na mihogo, kulikuwa na bonde la mabingobingo, nyasi ndefu kuliko mtu. Kila mwaka mvua za Septemba zikianza, mbayuwayu wageni walikuja. Mchana walitawanyika wakikamata wadudu juu ya mashamba; jua likishuka walirudi bondeni kulala, wengi hata mabua yakainama.

Nasi tuliwaua. Sitakuficha. Mvua ikinyesha usiku kucha, alfajiri walikuwa wamelowa, hawawezi kuruka haraka. Wanaume waliingia na matawi marefu ya mianzi, wakapiga. Ilisikika kama watu wanapura maharage, ila maharage hayalii. Sisi wasichana tulifuata nyuma tukiokota, na aliyekuwa bado anahema tulimmaliza kwa kidole gumba shingoni. Nilikuwa na miaka tisa na nilifanya hivyo huku naimba. Nyumbani tuliwanyonyoa, tukawakaanga kwa mawese na pilipili, tukala na bugali wa muhogo. Walikuwa watamu, siwezi kusema uongo.

Sheria ilikuwa moja tu. Kuna mbayuwayu wa nyumbani, yule asiyesafiri, anayejenga kiota cha tope chini ya paa na kulea watoto hapohapo. Huyo haliwi. Mnalala chini ya paa moja. Ukimla, paa litakugeuka. Akiuawa kwa bahati mbaya, anarudishwa kijitoni alikokuwa anachota tope lake. Kwa hiyo bibi alikagua kila kapu kabla ya chungu. Alipuliza manyoya ya kifua, fuu, akatazama. Mgeni ana koo jekundu, chini yake kola nyeusi pana, na tumbo jeupe. Wa nyumbani, wekundu unashuka hadi kifuani, kola yake ni nyembamba tena imekatika, na tumbo ni la kijivu. "Mukia inadanganyaka," alituambia, "kifua hapana."

Mimi nikasikiliza chaki. Mwalimu alikuwa ametuchorea ubaoni: mkia mrefu, mgeni, mkia mfupi, wa kwetu. Asubuhi moja mjomba, kitinda mimba wa bibi, alileta kapu limejaa, akaliweka mlangoni, akaenda kunawa miguu. Bibi alikuwa jikoni anapuliza moto. Nikasema ngoja leo niwaonyeshe. Nikaangalia mikia: mfupi, mfupi, mfupi. Nikabeba kapu hadi kijitoni, nikawamwaga wote. Nilirudi nimejaa fahari, kama niliyeokoa nyumba nzima.

Mjomba alikuwa amesimama uani. "Nyama yangu iko wapi?"

"Nilibapeleka mu mayi. Ni ba nyumba, mikia yao ni mifupi. Mwalimu alisema."

"Mwalimu ndiye anakulishaka?"

Tawi lake la mianzi lilikuwa limeegemea ukuta, bado lina manyoya. Pigo la kwanza lilinichana mgongo. La pili, sikio. Nikaanguka, naye akaendelea vilevile kama bondeni, bila kuangalia anapiga wapi. Bibi akatoka jikoni mbio, akasimama juu yangu. "Wacha mutoto! Piga miye mwenye nilikuzala!"

Nadhani aliamini hatathubutu. Alithubutu. Ncha ya mwanzi ikamwingia bibi kwenye jicho la kulia.

Mjomba akatupa tawi. "Mama, si umejileta mwenyewe," akasema, akaondoka. Hayo tu.

Bibi alikaa chini, akabana jicho kwa kitenge, damu ikapita katikati ya vidole. Ndege mmoja alikuwa amenasa ndani ya kapu nililorudi nalo. Alimchukua, akapuliza kifua, akanionyesha: kola pana, tumbo jeupe. Mgeni. Kisha akafungua mkia. Ule mfupi ulikuwa na unyoya mpya unaochomoza kwenye ala yake, kama jani la kitunguu kutoka ardhini. "Ona," akasema. "Huku kwetu ndiko banabadilishaka nguo. Mukia itarefuka kabla barudie kwao." Nilikuwa nimekosea kapu zima.

Kwenye kituo cha afya alimwambia muuguzi amechomwa na bua la bingobingo. Majirani nao wakasema bua. Jicho halikupona. La kushoto peke yake halikuona tena kola ya ndege, kwa hiyo msimu uliofuata kapu lililetwa kwangu, na mimi nikapuliza vifua huku mjomba amenikalia mbele akisubiri nyama yake. Akala. Tukala wote.

Bibi alikufa mwaka juzi. Kwenye kilio mjomba, siku hizi ana koti na fimbo na anaitwa Mzee, alisimama akasimulia jinsi bua lilivyompofua mama yake mpendwa. Nikasimama na mtoto mgongoni. "Hapana bua. Ni weye." Wanawake wakanivuta kitenge: "Maman, heshimu wafu." Nikawaambia ninamheshimu aliyekufa kuliko wote waliokuwa pale.

Bonde lile limelimwa lote, ni matuta ya kabichi. Mabingobingo hayapo, wageni hawana pa kulala, wanapita tu juu kwa juu. Harufu ya mawese ya bibi sijaipata kwingine. Mjomba bado yupo, anatuma watu waseme anataka kuwaona watoto wangu. Hatawaona.