Kitatange Katika Chumba cha Eda

Ndoo ya samaki mgeni haikuwahi kuguswa na sabuni, na bado niliisuuza, nikainusa, nikaisuuza tena. Ndivyo nilivyo. Hakuna aliyenifundisha kufuga samaki wa baharini. Nilijifunza kwenye simu, na kila nilichojifunza kilinizidishia hofu. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: samaki mpya huweza kuonekana mzima kumbe amebeba ugonjwa wa madoa meupe. Ukimtia moja kwa moja kwenye tangi kubwa, baada ya siku chache wenziwe wote wanaelea. Kwa hiyo mgeni hukaa kwanza peke yake, kwenye tangi la karantini, na wavu wake na ndoo yake.

Mgeni wangu alikuwa kitatange, wa manjano, mpana na mwembamba kama kiganja, mwenye mstari mweusi uliopita juu ya jicho. Nilimnunua kwa mpiga mbizi wa Msambweni. Tangi lake nililiweka chumbani kwangu, nyumbani Ukunda: kioo kitupu bila mchanga, ili uchafu usipate pa kujificha, vipande vya bomba la plastiki, ili yeye apate. Maji niliyachota Diani bahari ikiwa imejaa. Chujio lilikuwa sponji niliyokuwa nimeilaza muda mrefu ndani ya tangi kubwa, ikaota vijidudu vinavyokula sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki. Sponji ile niliishika kwa mikono miwili. Ukiitazama ni kitu cha kuoshea vyombo, na ndani yake kuna umma mzima unaofanya kazi bila kuonekana wala kuombwa.

Nilifikiria kila kitu isipokuwa Alhamisi.

Jioni ya Alhamisi mama hupita na chetezo chumba hadi chumba, udi ukifuka, akisoma dua zake kwa sauti ndogo. Akapita na kwangu. Pampu ya hewa haichagui. Iliuvuta moshi ule na kuupuliza ndani ya maji. Niliporudi kutoka msikitini nilimkuta kitatange yuko juu kabisa, anahema, na maji yananukia harusi.

"Mama, umemfukiza samaki!"

"Nimembariki. Mbona mwenyewe hajalalamika?"

Nilimbadilishia maji kidogo kidogo mpaka pumzi ikamtulia. Lakini tangu hapo hakula. Alijibanza ndani ya bomba, manjano yake yamefifia, kama taa iliyofunikwa kitambaa. Samaki wa aina yake akikataa kula hadumu, na mimi nilikuwa nimeshamwona anakonda mgongoni.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amefiwa na mumewe, na alikuwa akikaa eda nyumbani kwake Msambweni. Wiki ile ilikuwa zamu yangu kwenda kukaa naye, nimwendee sokoni. Mwanamke aliye edani hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Chetezo hakingii kwake. Nilipolitambua hilo niliona aibu, kwa sababu nililitambua kwa ajili ya samaki.

"Shikamoo shangazi. Nina ombi la ajabu."

"Marahaba, mwanangu. La ajabu kuliko haya niliyomo?"

"Nina samaki anayetaka chumba kisichofukizwa."

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mlete. Tutakaa eda wawili."

Nikamleta ndani ya ndoo yake, tukalipanga tangi juu ya meza ya shangazi, mbali na dirisha. Nilimkatia kitatange nyama ya kamba wa baharini vipande vidogo, akavikataa. Nilinunua chaza kwa kina mama wa pwani, nikampasulia mmoja na kumweka chini na gamba lake. Akamkataa. Kila nilipopata upenyo niliingia, nikapima chumvi, nikapima sumu, nikainama na tochi ya simu mdomoni mwa bomba.

Siku moja baada ya alasiri shangazi aliweka tasbihi mapajani. "Unamchungulia kama askari jela."

"Nataka kujua kama amekula."

"Hata mimi walinifanyia hivyo. Kila mtu mlangoni: umekula? Umekula? Tonge likanikaa hapa." Akajigusa koo. "Toka. Kaa barazani. Nitakuita."

Nilitoka. Naungama kwamba nilikwenda na chupa ya kupimia mfukoni. Nilikaa barazani nikiwa na uhakika kwamba kitu fulani kilikuwa kikiharibika mle ndani, na kwamba kingeharibika kwa kuwa sikukitazama. Nilisimama, nikashika kitasa, nikakiachia. Nikakaa tena.

"Njoo," aliita, chini kwa chini. "Polepole. Na hiyo simu iache huko."

Alikuwa amekaa kitako mkekani, mgongo ukutani, ametulia kama kawaida yake tangu aingie edani. Nikakaa kando yake. Mapovu yalikuwa yakipanda kutoka kwenye sponji, moja moja, na nikajikuta napumua kwa mwendo wake.

Kwanza ikatoka pua. Kisha lile jicho lililofunikwa na mstari mweusi. Kitatange akasogea nje ya bomba nusu mwili, akarudi, akatoka wote, na manjano yakamrudi mbele ya macho yetu, kutoka shavuni hadi mkiani, hata sijui yalitokea wapi. Akaliendea gamba la chaza. Akalizunguka. Akainamisha kichwa na kuchokoa, mara moja, kwa kinywa kidogo kama tundu la sindano.

"Subhanallah," akanong'ona shangazi.

Akachokoa tena. Kipande cheupe kikatoka kwenye gamba, kikaingia kinywani, na mashavu yake yakatafuna. Chupa ya kupimia ilikuwa bado mfukoni, na sikuitoa.