Wimbo wa Shemeji

Dada yangu amepiga pasi miaka ishirini na saba katika duka moja la dobi. Wenzake wanamwita Mama Kola, kwa sababu hamruhusu mtu kuanza shati kwa mgongo. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono. Mimi nakunja pembeni yake. Naandika habari zake kwa kuwa mwenyewe si msemaji, na mara moja aliyosema haikumsaidia.

Juu ya rafu ya sabuni tuna redio. Kila Jumamosi saa nane mchana mtangazaji hupiga wimbo mmoja wa zamani, kisha huuliza wasikilizaji: sifa hizi ni haki yake, au tumezoea tu? Hapo dobini panakuwa kama bungeni.

"Ule wa wiki jana una maneno manne," alisema dereva wetu wa kusambaza nguo. "Manne! Yamerudiwa mpaka kaseti imechoka."

"Wewe hujawahi kupendwa, utaelewa wapi?" akamjibu mama wa mashine za kufulia.

"Mimi nilipendwa kwa maneno mawili tu, na watoto watano hao hapo."

Tukacheka. Halafu mtangazaji akautaja wimbo wa shemeji, nikaacha kucheka.

Wimbo huo hakuna asiyeujua. Baba anamlilia mwanawe mchanga aliyekufa kwa homa Jumapili mchana, peke yake kitandani, huku mama yake yuko ukumbini anacheza dansi. Wanaume wazima wanatokwa na machozi. Aliyeuimba alikuwa mume wa dada yangu. Mtoto ni wao. Na mama anayetajwa ni huyu huyu Mama Kola, ila pale kazini hakuna aliyejua zaidi yangu.

Aliyekuwa ukumbini Jumapili ile ni shemeji mwenyewe, jukwaani na gitaa lake. Dada alimwacha binti yake wa miaka miwili kwa jirani, akamfunga mgonjwa mgongoni, akatembea kwa miguu mpaka hospitali. Mtoto alikata roho pale kwenye benchi, bado yuko mgongoni kwake, zamu yao haijafika. Mwaka haujaisha, wimbo ukatoka. Dada akamuuliza mumewe, kwa nini? Akamjibu, "Mke wangu, huo ni wimbo tu. Baba aliyekuwa kazini hamlizi mtu." Dada akanyamaza, akidhani utapita kama zinavyopita nyingine. Haukupita. Waliachana, shemeji akafa na sifa zake, Mungu amrehemu, wimbo ukabaki.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa mbali. Lazima niseme kweli: kabla sijaambiwa chochote niliucheza wimbo ule, na niliupenda.

Kinachomkata dada maini si redio. Ni binti yake, ambaye sasa ana mtoto wa kiume wa miezi tisa. Tangu ajifungue hajamwachia dada mtoto huyo hata dakika ya kwenda dukani. Hasemi neno baya. "Mama, umechoka." "Mama, atakusumbua." Kisha anampeleka kwa mpangaji mwenzake ambaye hata kwao hapajui. Dada anaijua sababu. Hatujawahi kuitaja.

Basi siku ile aliisimamisha pasi, akafuta mikono, akaniomba simu.

"Dada, unataka kufanya nini?"

"Si wanauliza maoni? Nami ninayo."

Akapata. Mtangazaji akamchangamkia: "Haya mama yetu, wimbo unastahili sifa, haustahili?"

"Gitaa linastahili," alisema dada. "Sauti pia. Akiwa anafanya mazoezi, pale mwisho anapopandisha, nilikuwa naacha chungu jikoni nije nisikilize. Maneno ndiyo hayastahili. Ni ya uongo."

"Uongo! Mama, wimbo huu umeliza nchi nzima. Wewe umejuaje?"

"Mtoto alifia mgongoni kwangu."

Akaeleza yote kwa ufupi, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja kwamba doa limekataa kutoka. Dereva alikuwa amesimama na nguo mkononi, hajui aziweke wapi.

Aliyefuata kupiga alikuwa mzee mmoja. "Huyo mama ndiye anayeupa sifa yake," alisema. "Kama bado unamchoma baada ya miaka thelathini, basi huo ni wimbo!" Mwingine akasema marehemu hawezi kujitetea, si uungwana kumsema. Mtangazaji akashukuru wote, akaupiga wimbo tena, mzima, mpaka mwisho. Dada alirudi kwenye kola.

Binti alikuja kesho yake, mtoto mgongoni. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nimesikia, mama."

"Afadhali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ukiwa darasa la tatu. Ulilia ukasema namchukia baba yako."

Akanigeukia mimi. "Mama mdogo, wewe ulikuwepo?"

Neno moja tu lilitakiwa: ndiyo. Mpaka leo nikisali linanirudia, na sijui kama Mungu angenihesabia dhambi.

"Sikuwepo, mwanangu. Lakini mama yako simjui kwa uongo."

"Na yule jirani?"

"Alishafariki," alisema dada.

Binti akamgeukia mama yake. "Nataka kukuamini, mama. Asubuhi nakuwa nimeamini kabisa. Halafu nausikia mahali, dukani, popote, na nashindwa. Mtu anawezaje kuimba vile kitu ambacho hakikuwepo?"

"Aliweza," alisema dada. "Ndiyo iliyokuwa kazi yake."

Mtoto akaamka, akaanza kujinyonganyonga. Binti akamfungua, akasita, akampa bibi yake. Dada akampakata. Mtoto akamshika pua, dada akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Lakini binti alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, na mkono wake haukuachia mguu wa mtoto, tangu anampa mpaka anamchukua. Dada aliuona mkono ule.

Binti alipomfunga tena mgongoni, dada akamwambia, "Mfunike kichwa, nje kuna upepo." Akamfunika.

Tulisimama mlangoni mpaka wakakata kona.

"Ana uzito mzuri, eti?" dada aliniuliza.

"Sijui, dada. Mimi sikumshika. Wewe ndiye uliyemshika."