Ngamia Asiye na Mpandaji

Saa moja asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Mama Rangi yuko juu ya ngazi, anakoroga manjano ndani ya kopo la maziwa. Ukumbi umetulia kama ndani ya mtungi. Brashi inapita ukutani polepole, na kila inapopita mwanga unachipua.

Chini ameketi binti yake, anayemsaidia kuchanganya rangi.

"Mama, midomo ya huyu ngamia ni mjomba mtupu!"

"Nyamaza wewe! Mjomba wako akisikia, kwake hatuli tena."

Ngamia amepiga magoti. Watu wamejaa njiani, mikono juu. Ni siku Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingia mji uliompokea. Mgongoni pa ngamia hapana mtu. Kuna nuru tu, inafifia ukingoni kama ndoto unayoikumbuka nusu.

Miaka kumi na saba mama huyu anapamba kuta za shule. Kuta arobaini na moja, mpaka kiuno kimekataa kunyooka. Safari hii wakubwa wa elimu, waliozoea kuagiza wasichokijua, wamemletea karatasi: mpandaji achorwe, uso uonekane vizuri. Mihuri mitatu, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza mwalimu wa dini!

Juzi mkaguzi alikuja, akakuna kidevu.

"Mama, umemsahau mpandaji."

"Sijamsahau, mwanangu. Kwetu hachorwi."

"Karatasi inasema achorwe. Jumatatu nikikuta hayupo, ukuta unapigwa chokaa, na jina lako linatoka kwenye orodha ya wachoraji."

Bila orodha hiyo, hakuna shule itakayomwita tena. Analijua hilo, na usingizi umempotea. Lakini marehemu baba yake, aliyefundisha watoto Kurani, alimwambia akiwa binti mdogo: "Mkono ukichora uso ambao jicho halikuuona, mkono umesema uongo. Na kumsingizia Mtume, mwanangu, ni mzigo usiobebeka."

Kengele inalia. Wanafunzi wanaingia kwa vurumai, lakini wakifika kwenye ukuta ule sauti zinashuka zenyewe. Hakuna aliyewakanya.

Mama Rangi anateremka, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Jumatatu sibishani na mkaguzi," anamwambia binti yake. "Nitamwekea kiti hapa, atazame mpaka atosheke. Akielewa, atasaini ukuta ubaki ulivyo. Asipoelewa, chokaa nitapaka mwenyewe. Sitaki mkono wenye hasira uguse ukuta huu."